Mikoko, chupa za plastiki au mboji: kikundi chenu kishike lipi?

Vikundi vingi vya mazingira vya pwani huanza kwa namna moja. Watu ishirini wanakubaliana, wanachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wanachanga kidogo, na kwenye kikao cha pili au cha tatu linazuka swali: sasa tunafanya nini hasa? Mmoja ameona picha za watu wakipanda mikoko. Mwingine ana shemeji anayenunua chupa. Mama anayelima mchicha bondeni anasema yeye anataka mbolea, mengine hayamhusu. Mara nyingi linapita wazo la mwenye sauti kubwa.

Hapa nazilinganisha njia hizo tatu, na nazipima kwa swali ambalo kwangu linatangulia hata la fedha: kazi hiyo itakuwa mikononi mwa nani? Mikoko iko mikononi mwa serikali, kwa sababu msitu ni wake. Chupa ziko mikononi mwa mnunuzi, kwa sababu bei anapanga yeye. Mboji iko mikononi mwa majirani zenu, wale wanaotoa taka na wale watakaonunua mbolea. Kila bwana ana tabia zake, na kikundi kisichomjua bwana wake mapema humjua baadaye kwa hasara.

| | Mikoko | Chupa na plastiki | Mboji |
|---|---|---|---|
| Mwenye kauli ya mwisho | Idara ya misitu | Mnunuzi wa jumla | Kaya na wakulima wa karibu |
| Fedha ya kwanza | Baada ya miaka | Baada ya wiki chache | Baada ya miezi mitatu au minne |
| Cha kuanzia | Kibali, makubaliano, subira | Mzani, magunia, banda, usafiri | Kiwanja, majembe, turubai, ndoo |
| Kinachoua kikundi | Kupanda pasipofaa | Bei kushuka, umbali | Harufu, taka zilizochanganywa |
| Anayefaidi kwanza | Kijiji kizima na wavuvi | Mwokotaji mmoja mmoja | Bustani na mtaa |

Jedwali linasaidia kuanza mazungumzo tu. Uzito wa kila njia uko kwenye maelezo.

Mikoko: kulinda kuna faida kuliko kupanda

Ukitaja mikoko na jamii mbele ya mtu yeyote wa mazingira, atakutajia Gazi. Ana haki. Katika ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, kusini mwa Mombasa, vijiji vya Gazi na Makongeni vinaendesha Mikoko Pamoja, mradi unaotajwa kuwa wa kwanza duniani ambapo wanakijiji wenyewe wanauza kaboni ya mikoko, yaani wanalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo msitu wao unainyonya na kuihifadhi. Ulianza rasmi mwaka 2013. Msitu wenyewe ni hekta 117, kaboni inayouzwa ni kama tani 3,000 kwa mwaka, na fedha imeingia kwenye maji ya bomba, vitabu vya shule na mahitaji mengine ambayo wanakijiji huyaamua barazani. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Sasa tupige hesabu ambayo hupigwa mara chache. Mapato ya miaka ya mwanzo yalikuwa takriban dola 12,000 kwa mwaka. Gawanya kwa hekta 117, unapata kama dola 100 kwa hekta. Kikundi chenye kipande cha hekta tano mlangoni mwake kingepata dola 500 kwa mwaka, na hapo hakijalipa mtu wa kupima miti wala mkaguzi wa kuthibitisha kaboni. Mkaguzi hana bei ya hekta tano. Ndiyo maana mradi uliofuata, wa Vanga, Jimbo na Kiwegu karibu na mpaka wa Tanzania, uliunganisha vijiji vitatu na hekta takriban 460. Kaboni ni biashara ya eneo kubwa. Mwenye eneo dogo aungane na jirani zake au aiache.

Jambo la pili ambalo picha za Gazi hazionyeshi: sehemu kubwa ya kaboni hiyo haitokani na miche iliyopandwa. Katika hizo hekta 117, kama 107 ni msitu wa asili uliolindwa usikatwe, na 10 tu ndizo za kupandwa. Upandaji wa kila mwaka haufiki hata nusu hekta. Kazi inayoleta fedha ni doria, kuzungumza na wakata boriti, na kupanda mivinje nchi kavu ili watu wapate nguzo na kuni mahali pengine. Kazi hii haina picha nzuri, lakini ndiyo yenye maana.

Na nyuma ya wanakijiji kulikuwa na watu. Taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, KMFRI, ina kituo Gazi, na watafiti wake, akiwemo Dk. James Kairo, walikuwa wakipanda na kupima mikoko pale tangu miaka ya 1990. Shirika dogo la hisani la Scotland linashughulikia mauzo ya kaboni. Idara ya misitu ilitia saini makubaliano. Kikundi kinachosema "tutafanya kama Gazi" kijiulize kina nani kati ya hao watatu.

Kwa upande wa sheria, pande mbili za mpaka zinatofautiana kidogo. Kenya, sheria ya misitu ya 2005, na baadaye ya 2016, inaruhusu jamii kuunda chama cha msitu na kuingia makubaliano na huduma ya misitu, KFS. Marekebisho ya sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2023 yameweka kiwango: mradi wa kaboni wa ardhini unatakiwa kuipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka baada ya kutoa gharama. Tanzania Bara, mikoko ni hifadhi ya serikali chini ya wakala wa misitu, TFS, hivyo kijiji hakiwezi kuitangaza kuwa msitu wake kama kinavyoweza kufanya na pori la nchi kavu. Kinachowezekana ni usimamizi wa pamoja kati ya kijiji na serikali. Delta ya Rufiji, yenye mikoko mingi kuliko mahali pengine popote Afrika Mashariki, nayo ni hifadhi ya serikali. Makubaliano ya usimamizi wa pamoja huchukua muda, na karatasi husafiri taratibu kuliko jahazi lisilo na upepo.

Sasa kupanda kwenyewe, kwa sababu najua kuna watakaopanda tu. Kosa kubwa ni kwenda na maji kupwa, kuona tope tupu lililo wazi, na kulijaza miche. Kama mikoko haijawahi kuota pale, kuna sababu: tope hilo liko chini mno, linakaa majini muda mrefu, mawimbi yanalipiga, kaa wanakata miche michanga. Baada ya tsunami ya 2004 miche mingi sana ilipandwa Sri Lanka, na sehemu nyingi zilibaki tupu, hazina hata mti mmoja uliopona. Kwetu, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope hadi kijito cha Mwache, Mombasa, likafukia mizizi ya mikoko na msitu ukakauka ukiwa wima. Pale tatizo lilikuwa tope kutoka juu, na mche haulitibu.

Kwa hiyo kabla ya mche, ulizeni wazee na wavuvi: mikoko iliwahi kuwepo hapa? Aina gani? Ilikufaje? Kila mti una mahali pake. Mlilana hukaa mbele, unatazamana na bahari. Mkoko wenye mizizi ya matao hufuata. Mkandaa uko nyuma zaidi, na mchu unaweza kuwa mbele au nyuma kabisa kwenye chumvi kali. Vikundi hupanda mkoko kila mahali kwa sababu ni rahisi: mche wake huota ukiwa bado mtini, ukiiva shingo yake hugeuka manjano, unauchuma bila kuuvuta kwa nguvu na kuuchomeka topeni theluthi moja ya urefu wake. Mchu unahitaji kitalu na uvumilivu. Lakini urahisi wa mche haubadilishi mahali ulipozaliwa kuishi. Na pale ambapo tatizo ni barabara au ukuta wa shamba la chumvi uliozuia maji, kufungua njia ya maji kunatosha, mbegu zitakuja zenyewe na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu.

Vuguvugu la Green Belt la Wangari Maathai, lililoanza Kenya mwaka 1977, lilikuwa na desturi ambayo ningeiga bila kubadilisha: akina mama walilipwa posho ndogo kwa mche uliopona. Mche uliotiwa ardhini tu haukuhesabiwa. Wafadhili wenu wakitaka idadi, wapeni idadi ya miche iliyo hai baada ya mwaka mzima. Itakuwa ndogo, lakini itakuwa ya kweli.

Kuna mapato ya mikoko yasiyohitaji kaboni wala mkaguzi. Akina mama wa Gazi wana njia ya mbao inayopita katikati ya msitu, wageni wanalipa kiingilio na kula chakula. Mizinga ya nyuki inaweza kuwekwa mikokoni, na asali yake ina wateja. Si fedha nyingi, ila inaingia wakati makubaliano bado yako mezani kwa mtu.

Chupa: fedha ya haraka, bwana wa mbali

Hakuna njia inayolipa upesi kama hii. Leo unaokota, Ijumaa unapima, unaondoka na noti. Vijana wanaipenda kwa sababu hiyo, na hawakosei.

Tatizo liko kwenye uzito. Chupa ya maji ya nusu lita ina gramu kama 10 hadi 20. Kilo moja ni chupa 50 hadi 100. Tani moja, kiasi ambacho mnunuzi wa jumla anaweza kuona kinafaa kutuma gari, ni chupa kati ya 50,000 na 100,000. Na chupa isiyobanwa imejaa hewa, kwa hiyo mkipakia lori bila kuzikandamiza mnalipia mafuta ya kusafirisha hewa. Mashine ya kufunga marobota, hata ile ya mkono, inabadilisha hesabu ya biashara hii kuliko kampeni yoyote ya kuhamasisha.

Si kila plastiki ina mnunuzi. Chupa za maji na soda, zenye namba 1 chini yake, zina soko. Madumu na chupa nzito za sabuni, namba 2, mara nyingi zina bei nzuri zaidi. Ndoo, viti na vifuniko, namba 5, hutegemea mji. Pakiti za bisikoti na krispi, zile zenye tabaka la kung'aa ndani, hakuna anayezitaka, na ndizo zinazojaza mitaro. Mifuko ya plastiki ilikuwa kundi hilohilo la yasiyouzika, na iliondolewa kwa sheria wala si kwa soko: Kenya ilipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu inayofika shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Yapo mambo ambayo urejelezaji hauyawezi, na ni vizuri kikundi kijue mapema kwamba nusu ya uchafu wa ufukweni hautauzika.

Bei nayo haiko mkononi mwenu. Plastiki mpya inatengenezwa kwa mafuta ya petroli, kwa hiyo mafuta yakishuka duniani, kiwanda kinaona bora kinunue mpya, na dalali wa mtaani kwenu anapunguza bei ya kilo bila maelezo. Msimkasirikie. Yeye pia kapigiwa simu asubuhi hiyo.

Maswali ya kumwuliza mnunuzi kabla ya kuokota hata chupa moja ni haya: unakuja kuchukua au tunaleta? Ukija, unataka kilo ngapi ndipo uje? Vifuniko vitolewe au vibaki? Za rangi unachukua au nyeupe tu? Unalipa papo hapo au baada ya kiwanda kukulipa wewe? Mzani ni wa nani? Hilo la mwisho wengi hulisahau. Kikundi kisicho na mzani wake kinamwamini mtu ambaye faida yake ni kilo zenu kuwa pungufu.

Halafu kuna jambo la haki ambalo halizungumzwi sana vikaoni. Kila mji una watu wanaoishi kwa kuokota chupa tangu zamani, na mikokoteni yao na magunia yao, bila fulana wala bango. Kikundi kipya kikifika na glavu za msaada kikaanza kuokota chupa zilezile, hakijaongeza usafi, kimemnyang'anya mtu riziki. Ningependa kikundi kiwe kituo cha kununua kutoka kwa waokotaji hao, kwa mzani wa haki, kikusanye mzigo hadi ufike tani, kiuze kwa jumla. Faida yake ni ile tofauti ya bei, na waokotaji nao wanapata mnunuzi asiyewaibia.

Visiwani hesabu hii inagoma kabisa. Lamu plastiki inaletwa na bahari kutoka kila upande, hadi punda wanaila na kufa, lakini kuisafirisha hadi kiwandani kunakula fedha yote ya mauzo. Ndiyo maana mfano wa Lamu ulikwenda njia nyingine. Mwaka 2018 mafundi wa mashua wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini Flipflopi, jahazi la mita tisa lililoundwa kwa tani kama 10 za plastiki na kufunikwa kwa ndara 30,000, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Jahazi lenyewe ni ujumbe. Kilichobaki baada yake, yaani karakana ya kugeuza plastiki kuwa mbao na samani palepale, ndicho somo: mahali pa mbali na kiwanda, plastiki iuzwe ikiwa kitu. Nairobi, Nzambi Matee amefanya vivyo hivyo kupitia Gjenge Makers, anachanganya plastiki na mchanga kutengeneza matofali ya kutandaza njiani, na mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ukamtunuku kama kijana bingwa wa dunia. Lakini hizo ni karakana zenye mashine, mafundi na mtaji. Kuyeyusha plastiki kwenye pipa nyuma ya nyumba si toleo dogo la kazi hiyo. Moshi wake ni sumu, na kipande kimoja cha bomba la PVC kikiingia kinatoa gesi inayounguza mapafu. Kikundi kisichoweza kununua mashine kiuze chupa na kiache moto.

Mboji: inanuka, lakini ni yenu

Nakiri upendeleo wangu uko hapa, kwa vikundi vya mjini angalau.

Pimeni taka za nyumba yoyote ya kawaida mjini: maganda ya ndizi na muhogo, ugali uliobaki, matumbo ya samaki, mabua, majani. Katika miji yetu zaidi ya nusu ya taka za nyumbani, kwa uzito, ni hivyo vinavyooza. Ndivyo vinavyonuka, vinavyoleta nzi na panya, vinavyolowesha karatasi na kuchafua chupa. Vikifukiwa dampo bila hewa vinatoa gesi ya methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 inapasha dunia joto mara zaidi ya 25 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule. Vitoeni hivyo, na kilichobaki kwenye ndoo ni kikavu, chepesi na kisafi. Chupa iliyokaa na karatasi ina bei, iliyokaa na mchuzi wa dagaa haina. Kwa maana hiyo kikundi cha mboji kinaweza kuuza chupa baadaye kwa urahisi, wakati kikundi cha chupa hakipati mboji.

Kazi yenyewe haihitaji mashine. Tabaka la vikavu, yaani majani makavu, mabua, randa za mbao, kisha tabaka la vibichi vya jikoni, vikavu viwe vingi mara mbili au tatu. Unyevu unapimwa kwa mkono: ukifinya konzi moja, yatoke matone machache tu. Rundo la mita moja kila upande litapata joto la nyuzi 55 hadi 65 ndani ya siku chache, na joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu na vijidudu. Ligeuzeni kila wiki. Baada ya miezi miwili au mitatu limekuwa jeusi, linanukia udongo wa msituni. Liachwe litulie mwezi mwingine. Msishangae likipungua hadi nusu au chini ya hapo, ndivyo linavyotakiwa.

Harufu mbaya ni dalili kuwa maji yamezidi au hewa imekosekana, na dawa yake ni vikavu zaidi na kugeuza. Masika ndiyo mtihani. Bila turubai au paa la makuti rundo linakuwa tope, na jirani wa kwanza kulalamika atakwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa. Kikundi kikishafungiwa kwa harufu, kufunguliwa tena ni vigumu. Nyama na mifupa visiingie, mbwa watafukua.

Kitu kigumu kuliko rundo ni ndoo mbili. Kaya lazima itenganishe yenyewe, jikoni, kabla mchanganyiko haujatokea. Katika kata ya Bonyokwa, Dar es Salaam, shirika la Nipe Fagio lilijenga utaratibu wa namna hiyo: wakusanya taka waliojiunga katika ushirika wanapita nyumba kwa nyumba, na taka zinatenganishwa tangu mlangoni. Siri ya utaratibu kama huo ni kwamba mkusanyaji ndiye mwalimu. Ana uso wa kujulikana, anarudi kila wiki, anaweza kusema "mama, hii leo siichukui, kuna betri humu." Semina moja ukumbini haifanyi hivyo. Na ada ya kuzoa taka, ambayo kaya zimezoea kulipa, ndiyo inayolipa posho ya kila wiki wakati mboji bado haijaiva. Bila ada hiyo kikundi kitakufa kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu.

Wateja wako karibu: wauza miche na maua barabarani, wakulima wa mchicha na matembele, bustani za hoteli na shule. Bei ya mbolea ya dukani ilipopanda sana mwaka 2022, wengi waliokuwa wakiicheka mboji walianza kuitafuta. Mkiuza kwa ndoo kwa mkulima wa jirani, mambo ni mepesi. Mkitaka kuifunga kwenye mifuko yenye nembo na kuipeleka madukani, fikeni kwanza kwa mamlaka ya mbolea, Tanzania ni TFRA, kwa sababu mbolea ni bidhaa inayosimamiwa. Wanaofuga kuku wanaweza pia kufuga funza wa nzi askari mweusi (black soldier fly) kwenye taka hizohizo. Wanakua ndani ya kama wiki mbili na karibu asilimia 40 ya uzito wao mkavu ni protini. Ila hiyo iwe hatua ya pili. Ukianza na funza kabla majirani hawajakuzoea, utajieleza sana.

Udhaifu wa mboji ni ardhi. Mjini kiwanja ni dhahabu, na mwenye nacho akipata mnunuzi mtaondoka na marundo yenu. Ombeni kona ya soko, shule au zahanati, kwa maandishi, kupitia serikali ya mtaa.

Na ile Jumamosi ya usafi?

Kuna wanaotaka kikundi kiwe cha kufagia tu. Rwanda wana umuganda Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, watu wazima wote hadi miaka 65 wanatoka asubuhi kufanya kazi za pamoja, na sheria iko nyuma yake. Tanzania nayo ina Jumamosi yake ya usafi ya mwisho wa mwezi, na wengi wanakumbuka tarehe 9 Desemba 2015, sherehe za uhuru zilipofutwa na watu wakashika mafagio. Ni jambo zuri la kukutana na kujuana. Lakini taka iliyofagiwa na kurundikwa kando ya barabara ikisubiri gari lisilokuja, mvua ya kwanza inairudisha mtaroni. Ifanyeni kama mlango wa kupata wanachama na kuwajua watu wa mtaa. Msiiite mradi.

Basi mchague nini

Ninyi wa mjini, mlio kwenye nyumba zilizobanana na soko karibu, ningepiga kura ya mboji na ndoo mbili, chupa zifuate mwezi wa nne au wa tano. Sababu si fedha, maana chupa zinalipa mapema. Sababu ni kwamba bei ya mafuta ikianguka duniani, mkulima wa mchicha bado anahitaji mbolea kesho asubuhi.

Wa kijiji chenye kijito na mikoko, shikeni ulinzi. Andikeni barua ya makubaliano sasa, maana itachukua muda, na wakati mnasubiri wekeni mizinga na pandeni mivinje au mikorosho ya kupunguza ukataji. Kaboni izungumzwe pale tu vijiji jirani vitakapokaa meza moja na hekta zikapita mia. Kama kuna kipande kidogo tu kilichokufa, kirekebisheni bila kutaja kaboni mbele ya watu, kwa sababu fedha iliyoahidiwa na isiyokuja huvunja kikundi haraka kuliko fedha iliyoibwa.

Visiwani na fukwe za mbali, plastiki ndiyo tatizo lenyewe na huwezi kuikwepa, lakini msiingie bila fundi au karakana ya kushirikiana nayo. Bila hivyo mtakuwa ghala la plastiki.

Vikundi vya Tanzania vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mkopo usio na riba kutoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Utoaji wake ulisimamishwa 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya, kwa hiyo ulizeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata jinsi ulivyo sasa. Mkopo huo unafaa kwa mboji na chupa. Kwa mikoko haufai, kwa sababu marejesho yanaanza mapema na msitu hauna haraka.

Jingine la kuandikwa kwenye katiba yenu tangu siku ya kwanza ni nani analipwa kwa kazi ipi. Nimeona mara nyingi akina mama ndio wanaopanda, wanaogeuza rundo na kuosha chupa, na siku ya mzani ukumbi unajaa wanaume. Daftari la mahudhurio ya kazi, tofauti na lile la vikao, linamaliza ubishi huo.

Kabla ya kikao kijacho fanyeni mambo matatu. Chagueni nyumba kumi, mpime taka zao kwa wiki moja katika mafungu matatu: vinavyooza, vinavyouzika, vingine. Wapigieni wanunuzi wawili wa plastiki na muwaulize maswali yale niliyoandika juu. Na kama mna mikoko, nendeni na mzee mmoja siku ya bamvua, maji yakiwa yamepwa kabisa, awaonyeshe msitu ulikoishia alipokuwa kijana. Mkirudi kikaoni na tarakimu hizo, ule mjadala wa nani anasema sana utakuwa mfupi.